Peringi, Beringi na Jina la Dereva

Mwaka wa 2023, mwishoni mwa jilaal, kiangazi kile kikali ambacho huku kwetu huanza Januari na kutuachia pumzi mvua za Machi zinapokaribia, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Katika majira hayo dereva mmoja wa mjini Garissa, jina lake Abdinoor, alikaribia kuitwa mwongo maisha yake yote kwa sababu ya herufi moja, na kazi iliyoleta balaa hiyo ilifanyika mikononi mwangu. Nawaandikia nyinyi mnaoshika ufundi wa redio za magari leo, kwa kuwa mtakutana na Bluetooth kila siku ya kazi yenu, na wengi wenu mnadhani shida zake zote zimo ndani ya simu.

Kwanza mnijue. Mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alifariki mwaka wa 2004 akaniacha na watoto na kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo. Ndugu zake walinishauri niuze vifaa nifungue meza ya majani ya chai. Nikawajibu kwamba majani ya chai siyajui, ila waya ninazijua, kwa kuwa nilimshikia marehemu taa miaka mingi na macho yangu hayakuwa yamelala. Nilijua kusoma rangi za waya kabla sijajua kusoma jina langu. Mwaka wa 2006 nikaingia darasa la ngumbaru, nikiwa na miaka arobaini na miwili, na mwaka wa 2010 nikafanya mtihani wa darasa la nane pamoja na watoto waliokuwa sawa na wajukuu wa shangazi zangu. Nilifaulu. Cheti hicho kilining'inia kibandani juu ya meza hadi tarehe 31 Desemba 2024, siku niliyostaafu.

Kilichonitesa zaidi darasani hakikuwa hesabu. Ilikuwa herufi p. Sisi tuliozaliwa katika Kisomali hatuna sauti hiyo, na midomo yetu huigeuza b bila hata kutuuliza. Mwalimu wangu wa ngumbaru alitushikisha karatasi mbele ya midomo na kutuamuru tuseme "panya". Karatasi ikitikisika, umesema p. Ikitulia, umemtaja mnyama asiyekuwepo duniani. Nilifanya zoezi hilo nyumbani mpaka binti yangu Deka akawaambia majirani kwamba mama yake anazungumza na karatasi.

Sasa nirudi kwenye redio. Marehemu alinifundisha kanuni moja iliyovuka kaseti, ikavuka sidii, ikavuka flashi, ikaingia kwenye Bluetooth ikiwa nzima: usifungue kitu kabla hujakisikiliza. Mteja hukuletea jina la ugonjwa. Wewe tafuta sauti ya ugonjwa. Atakuambia, "Redio imekufa," kumbe simu yake imeunganishwa kwa maongezi pekee, na ile alama ya kuruhusu muziki imezimwa kwenye mipangilio. Atakuambia, "Muziki unakatika," kumbe ameibana simu ndani ya sanduku la chuma chini ya kiti, au ameiwekea simu hali ya kuokoa chaji, nayo inauzima muziki kila kioo kinapolala. Mwingine atakuambia sauti ni ndogo, na atakuwa ameongeza sauti ya redio hadi mwisho huku ile ya simu ikiwa chini kabisa. Hizi mnazitibu bila kushika bisibisi.

Mzee mmoja mfanyabiashara wa ngamia alinijia akiwa na hakika kwamba gari lake lina jini. Kila alipoegesha nyumbani, redio iliacha kisomo cha Kurani na kuanza nyimbo za harusi. Alikuwa tayari amemwita mtu wa kulisomea. Nilimwomba anipeleke nyumbani kwake, tukaegesha, na kweli harusi ikaanza. Ng'ambo ya ukuta jirani yake alikuwa akifua nguo huku akisikiliza simu. Jirani huyo aliwahi kupewa lifti, akaunganisha simu yake mara moja, na redio haikumsahau tena. Nikalifuta jina lake kwenye redio, nikamwambia naye aifute redio kwenye simu yake, maana ukifuta upande mmoja tu, vitu hivi hutafutana. Mzee alinishukuru, kisha akaniomba nisimweleze yule msomaji, kwa sababu msomaji alikuwa amekwisha kumwona jini huyo kwa macho yake.

Kitendo hicho cha kuunganisha simu na redio, kwa Kiingereza chetu cha gereji tunakiita peringi, yaani pairing. Hilo ndilo jina lake, kwa p. Lakini pitieni barabara yoyote ya Garissa mmwulize kijana, atawaambia beringi, na mimi masikioni mwangu nilisikia peringi siku zote. Huku hakuna aliyekosea. Tatizo ni kwamba watu kutoka bara, mafundi wa magurudumu na wenye magari, wana beringi yao nyingine, ile ya chuma inayokaa ndani ya gurudumu ili lizunguke bila kusagana. Maneno hayo mawili yaliishi mjini kwetu miaka yote bila kugongana. Yaligongana Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023.

Abdinoor alikuwa na miaka kama ishirini na sita, dereva wa Bwana Mutinda, Mkamba mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyekaa Garissa muda mrefu kuliko baadhi ya Wasomali. Mke wa Bwana Mutinda, Mwalimu Ndunge, alifundisha shule ya msingi upande wa Ifo, kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, na Abdinoor ndiye aliyempeleka na kumrudisha. Alikuwa kijana mtulivu. Kosa lake kubwa, kwa maneno ya mjomba wake, lilikuwa kwamba alizijua nyimbo zote za kwaya ya Mwalimu Ndunge kwa moyo, na siku moja alisikika akiziimba mbele ya msikiti.

Alikuja kibandani saa nne asubuhi, akanisalimu na kusema, "Eeddo, bosi anasema beringi inalia. Nimeambiwa itengenezwe kabla ya safari ya Jumamosi."

Eeddo ni shangazi. Nikamuuliza inalia vipi. Akasema hata yeye ameisikia: Mwalimu akiunganisha simu, spika zinatoa mlio mwembamba, na wiki hiyo simu yenyewe ilikuwa ikikataliwa. Maelezo yalikaa sawa kabisa. Nikawasha ufunguo bila injini: redio kimya, safi. Nikawasha injini: mlio mwembamba ukaanza. Nikamwambia akanyage mafuta gari likiwa limesimama, na mlio ukapanda pamoja na injini. Hapo, vijana, msitafute mbali. Mlio unaopanda na injini wakati gari limesimama unatoka kwenye umeme. Nikachomoa chaja ya bei rahisi iliyokuwa kwenye tundu la kiberiti, mlio ukapungua. Nikakaza waya wa ardhi nyuma ya redio, uliokuwa umelegea na kushika kutu, mlio ukaisha. Halafu nikafuta simu za zamani ambazo zilikuwa zimejaza kumbukumbu ya redio hadi ikakosa nafasi ya mgeni. Nikaunganisha simu ya Mwalimu, ambayo Abdinoor alikuja nayo, na kwaya ikaimba bila doa. Tulizunguka nayo mtaa mmoja, polepole, kwa sababu ya mbuzi.

Abdinoor akampigia bosi wake palepale, kwa furaha. Nilimsikia akisema beringi iko sawa, fundi ameimaliza, ni Mama Deka wa karibu na soko. Bosi akasema vyema.

Bwana Mutinda ndiye aliyekuwa ameendesha gari hilo wiki iliyotangulia kwenda Mwingi. Kwenye lami, kwa mwendo mkubwa, alikuwa amesikia gurudumu la nyuma likinguruma. Abdinoor aliendesha ndani ya mji tu wiki hiyo, na muziki ukiwa juu. Hakuwahi kulisikia.

Jumamosi, tarehe 11 Machi, kama saa tatu asubuhi, simu yangu iliita. Mwanamume akajitambulisha kuwa ndiye mwenye gari, akanishukuru kwa kazi ya Alhamisi, kisha akauliza swali dogo tu: nilibadilisha upande wa kushoto peke yake, au pande zote mbili?

Nikamuuliza upande wa nini.

"Wa gurudumu, mama. Beringi."

Nikamwambia mimi sijawahi kugusa gurudumu tangu nizaliwe. Mimi ni fundi wa redio. Nilisikia mtu akihesabu misumari dukani kwake. Kisha Bwana Mutinda akasema, kwa sauti iliyokuwa imebadilika, kwamba gari limeondoka asubuhi kwenda Dadaab na mke wake yumo ndani.

Wakati ule njia ya Dadaab, kwa sehemu kubwa, ilikuwa vumbi na mawe, na mtandao wake ulikuja na kuondoka. Gurudumu linaloachia kwenye njia ile haliulizi nani yuko ndani. Nilimwambia akate, ampigie Abdinoor. Akapiga, akanirudia: inaita, haipokewi. Akapiga tena. Inaita, haipokewi. Akaanza kusema kijana anamkimbia, kijana anajua alichokifanya. Mimi nilijua kitu kimoja tu kuhusu gari lile, na ndicho nilichokitumia. Simu ya Abdinoor ilikuwa mfukoni mwake, na kwaya ilikuwa ikiimba kwa nguvu katika spika nilizozisafisha mwenyewe. Asingesikia hata ikiita mpaka jioni. Lakini simu iliyokuwa ikipiga muziki ilikuwa ya Mwalimu Ndunge, na simu inayopiga muziki ikiitwa, muziki hukatika na mlio huingia kwenye spika zote.

"Mpigie mke wako," nikamwambia. "Ukiambiwa hapatikani, piga tena. Usiache."

Alipiga, lakini mtandao ulikuwa umeshaondoka, akapata sauti ya kampuni ikimwambia mteja hapatikani. Nami nikapiga kutoka kwangu, kwa namba aliyonitumia. Tukapokezana hivyo, yeye dukani na mimi kibandani nikiwa nimesimama, na kila jibu la sauti ile ya kampuni lilikuwa na adabu ileile. Mteja mmoja aliniletea redio yake nikamwonyesha mkono anyamaze. Sikumbuki tulipiga mara ngapi. Ilipoita mwishowe, ilikuwa zamu ya Bwana Mutinda.

Yaliyotokea ndani ya gari nilielezwa baadaye na Mwalimu Ndunge. Kwaya ilikatika katikati ya ubeti, simu ikalia ndani ya spika, na kabla hajaipokea alisikia kile ambacho muziki ulikuwa umekifunika: chini ya kiti cha nyuma kitu kilikuwa kikisaga kama kinu. Abdinoor naye alikisikia sekunde hiyohiyo. Alishaondoa mguu kwenye mafuta kabla Bwana Mutinda hajasema neno. Waliposimama, gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limelala upande, na chuma chake kilikuwa cha moto hata mate yaliruka juu yake. Walisaidiwa na lori la maji lililokuwa likielekea kambini.

Nilipoambiwa wamesimama salama nilikaa chini, nikasema alhamdulillahi, nikadhani yamekwisha.

Jumatatu Abdinoor alifukuzwa kazi. Kufukuzwa peke yake angekuvumilia. Bwana Mutinda alisimama mbele ya duka, penye madereva na wapakiaji, akatangaza kwamba kijana huyu alisema beringi imetengenezwa na haikuguswa, na kwamba nusura amuue mke wake kwa uvivu wa kwenda gereji. Katika mji wetu nani atampa gari, au watoto wake wa shule, dereva anayesema gurudumu liko sawa bila kulitazama? Abdinoor alikwenda kwa matajiri wawili waliokuwa wakimtaka zamani. Wote wawili walimpa chai na kumwambia hawana gari. Mjomba wake, mzee mwenye hasira fupi, akaanza kusema kwamba watu wa bara wanawafukuza vijana wetu kwa visingizio. Upande wa pili wakasema Wasomali wanafichiana. Jina langu nalo likatajwa, kwamba nilipanga na kijana kuuficha uvivu wake. Sikuwahi kuambiwa neno kama hilo katika ujane wangu wote. Ni mimi niliyemshauri Abdinoor apeleke shauri ofisi ya kazi, na nikamwambia nitasimama.

Tuliitwa Jumanne, tarehe 21 Machi 2023, siku chache kabla ya Ramadhani. Afisa wa kazi alikuwa mwanamke mpole wa kutoka bara, mgeni mjini. Upande mmoja alikaa Bwana Mutinda na mkewe. Upande wa pili Abdinoor, mjomba wake na mimi. Feni ilizunguka bila kuleta upepo.

Bwana Mutinda alisema alimwagiza kijana atengeneze beringi iliyokuwa ikilia, na kijana akamjibu imetengenezwa. Afisa akamgeukia Abdinoor. Aliagizwa hivyo? Ndiyo. Alijibu hivyo? Ndiyo. Je, beringi ilitengenezwa?

"Ilitengenezwa, madam. Mpaka leo iko sawa."

Bwana Mutinda akacheka kicheko kibaya. "Iko sawa. Gurudumu langu liko uani limelala kama mgonjwa, na beringi iko sawa."

"Wewe uliniambia beringi," Abdinoor akasema. "Mimi nikaitengeneza beringi. Unataka niape?"

Mjomba akaguna, akashika bakora yake. Afisa akaniita mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilivaa guntino yangu mpya, na asubuhi nilikuwa nimeyasema maneno yangu nyumbani kwa utaratibu. Lakini nilipomwona mjomba amenyanyuka nusu na Bwana Mutinda akinitazama kama mwizi, damu ilinipanda, na midomo yangu ikarudi ilikozaliwa. Nilisema kwa sauti kubwa kwamba kijana alikuja kwangu kutengeneza beringi, na mimi, fundi mwenye cheti, nilitengeneza beringi kwa mikono yangu miwili.

"Mmesikia," Bwana Mutinda akasema taratibu. "Kwenye simu aliniambia hajawahi kugusa gurudumu. Leo ametengeneza beringi."

Afisa aliweka kalamu chini. Niliona usoni mwake kwamba kwake sote wawili tulikuwa tumekwisha. Abdinoor aliinamisha kichwa. Mjomba akasimama kabisa na kusema tunaondoka, hapa hakuna haki.

Ndipo Mwalimu Ndunge akamwomba afisa ruhusa ya kumuuliza dereva wake swali.

"Abdinoor, nguo zikikunjamana unazinyoosha na nini?"

Abdinoor alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Na basi, mwalimu."

"Na abiria wanakwenda Nairobi na nini?"

"Na basi."

Mjomba akauliza kama wameletwa hapa kuchekwa. Mwalimu Ndunge akamjibu kwa heshima, akimwita mzee, kwamba hachekwi mtu. Darasa lake zima huko Ifo huandika hivyo, na yeye hutumia chaki nyingi kwa ajili ya herufi hiyo. Kisha akaendelea.

"Kile cha chuma ndani ya gurudumu kinaitwaje?"

"Beringi."

"Na kuiunganisha simu yangu na redio?"

"Beringi," akasema Abdinoor. Nilimwona akilisikia neno lake mwenyewe kwa mara ya kwanza, nami nikalisikia langu.

Mwalimu Ndunge alimgeukia mumewe. Hakuinua sauti. "Wewe ulimwambia beringi inalia. Wiki ileile mimi nililalamika kwamba redio inalia. Angeipeleka wapi?"

Hakuna aliyecheka. Bwana Mutinda alivua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena. Akauliza, bila kumlenga mtu, kama ni kweli kijana alifikiri amemwagiza redio. Abdinoor akasema aliona ajabu kidogo bosi kujali kwaya kiasi kile, lakini akadhani ni mapenzi ya mke.

Afisa akauliza pande zote zinataka shauri limalizwe vipi. Bwana Mutinda alisema kazi ipo, arudi hata kesho. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, maana kwake lilikuwa limekwisha. Abdinoor akasema hapana. Kazi angeipata popote, akasema, ila jina lilichukuliwa mbele ya duka, na mbele ya duka ndipo litakaporudishwa.

Tukatembea wote hadi dukani, afisa akiwa mbele na faili lake kwapani. Wapakiaji waliacha mifuko ya saruji. Bwana Mutinda alisimama kwenye ngazi yake mwenyewe, akasema kwa Kiswahili cha wazi kwamba Abdinoor hakumdanganya, kwamba alifanya hasa alichokisikia, na kwamba aliposikia gurudumu alisimamisha gari kabla ya kuambiwa. Aliomba radhi kwangu pia, akanitaja kuwa fundi wa redio, na redio peke yake. Afisa aliandika maneno hayo juu ya boneti ya gari lilelile, likiwa na gurudumu jipya, na wote wawili wakatia sahihi, Abdinoor kwa herufi kubwa.

"Basi kesho asubuhi," Bwana Mutinda akamwambia.

"Nitakuja, bosi," Abdinoor akasema. "Lakini kuanzia leo ukinituma kitu, kionyeshe kwa kidole."

Afisa akagonga muhuri.